Nimonia ya kupaliwa: kuna kipimo cha haraka cha kutuambia nani anahitaji antibayotiki na nani aachwe?

zamu_ya_usiku aliuliza:

Wakuu habari za majukumu. Naomba tusaidiane kwenye hili maana linanisumbua muda sasa na naona hata wenzangu kazini wamelizoea tu.

Niko wodi ya magonjwa ya ndani, hospitali ya mkoa, Tanzania. Wagonjwa wetu wengi ni wa kiharusi, wengine kifafa, wengine wamelewa wakatapika wakiwa hawajitambui, na wazee ambao wameshachoka kabisa. Hawa wote wanapaliwa, yaani chakula, mate au matapishi yanaingia kwenye njia ya hewa. Mfano wa juzijuzi, mzee wa miaka sabini na kitu, kiharusi upande wa kulia, hawezi kuongea, mtoto wake wa kike akamnywesha uji akiwa amelala karibu chali. Mzee akakohoa mpaka macho yakatoka machozi, sauti ikabaki ya majimaji kama mtu anayeongea na maji kooni, usiku homa 38.4, oksijeni 89 bila msaada. Asubuhi eksirei ina ukungu chini ya pafu la kulia. Hapo hapo akaandikiwa antibayotiki mbili, seftriaksoni na metronidazo, hakuna makohozi yaliyochukuliwa, hakuna aliyeuliza chochote. Siku ya pili homa ikashuka yenyewe na akatoka kwenye oksijeni, lakini sindano ziliendelea mpaka wiki ikaisha. Na jirani yake kitandani mwenye hali kama hiyo hiyo hakupata nafuu, tukapandisha kwenye antibayotiki kali zaidi, meropenem, tena bila kujua tunapigana na nini.

Kuotesha bakteria maabara tunaweza, ila majibu yanakuja baada ya siku tatu nne, mara nyingi mgonjwa ameshaenda nyumbani au ameshafariki. Sasa nasoma kwamba nje kuna vipimo vya haraka vya PCR (vinavyotafuta vinasaba vya vijidudu) vinavyotoa jibu ndani ya saa moja na kitu, wengine wanasema prokalsitonini, wengine CRP (vitu vya kwenye damu vinavyopanda mwili ukipambana na maambukizi). Swali langu ni hili: kwa nimonia ya kupaliwa hasa, hivi vipimo kweli vinasaidia kuamua nani apewe antibayotiki, ipi, na aache lini? Na kwa sisi ambao hatuna hizo mashine, kuna kitu gani cha haraka tunachoweza kufanya kesho asubuhi?

---

daktari_wa_ndani alijibu:

Dokta swali lako zuri sana na nashukuru umeleta na mfano, maana huyo mzee wako wa kwanza ndiye hasa anayenipa shida mimi pia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wodini tunayaita jina moja. Mtu akivuta matapishi au tindikali ya tumbo mapafu yanaungua, anapata homa, oksijeni inashuka, eksirei inakuwa na ukungu ndani ya masaa machache, na hapo bado hakuna bakteria wa kupigana nao. Mendelson alilieleza hili mwaka 1946 kule New York, kina mama 66 waliopaliwa na vitu vya tumboni wakiwa chini ya dawa ya usingizi wakati wa kujifungua, kati ya wajawazito 44,016, na karibu wote walipona, waliokufa ni wawili walioziba njia ya hewa kwa chakula kigumu. Hiyo ni ya kuungua. Nyingine ni ile ya bakteria wa mdomoni na kooni kushuka kidogo kidogo, hiyo inajengeka siku moja mbili tatu, makohozi yanakuwa ya usaha, na hiyo ndiyo inahitaji dawa.

Sasa ukweli mchungu: hakuna kipimo cha damu cha haraka kinachotenganisha hizi mbili kwa uhakika. Prokalsitonini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kupaliwa kule Marekani, ikilinganishwa na makohozi yaliyovutwa kutoka ndani kabisa ya pafu, na ikashindwa kutofautisha waliootesha bakteria na wasiootesha. CRP ndiyo kabisa, pafu likiungua tu CRP inapanda. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba namba moja itakuambia "usitibu". Hata mwongozo wa Marekani wa 2019 wa nimonia ya kutoka nyumbani unasema wazi usiizuie dawa mwanzoni kwa sababu ya prokalsitonini kuwa chini.

Inaposaidia prokalsitonini ni kwenye KUACHA. Ikishuka kwa asilimia 80 kutoka kilele chake, au ikiwa chini ya 0.5, na mgonjwa anaonekana vizuri, una sababu ya kufunga dawa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2024 kwa wagonjwa mahututi wenye sepsisi (maambukizi makali yanayofanya viungo vishindwe kazi) ulionyesha siku za dawa zinapungua kwa karibu siku moja bila vifo kuongezeka. Siku moja inaweza kuonekana ndogo, ila hesabu vitanda vyote vya wodi yako kwa mwaka.

Kwa mzee wako wa kwanza kipimo bora kilikuwa saa. Kama alikuwa hana hali ya hatari ungeweza kumpa oksijeni, kumfyonza na saksheni, kumuinua kitanda na kumwangalia kwa masaa 24 hadi 48. Kama ulianza dawa kwa sababu alikuwa anakutisha, sawa kabisa, mimi pia ningeanza, lakini masaa 48 yakifika ukaona homa imeisha, hewa safi, ukungu umeanza kufutika, simamisha. Ukungu wa kuungua huwa unafutika haraka hivyo, wa bakteria hauondoki kwa siku mbili. Shida yetu sio kuanza, shida yetu ni kwamba hakuna anayerudi kuuliza.

Halafu metronidazo. Jamani hili tuliache. Mwongozo huo huo wa 2019 unasema usiongeze dawa ya anaerobu (bakteria wanaoishi pasipo oksijeni), kama metronidazo, kwa kila anayedhaniwa kapaliwa, isipokuwa kama unadhani kuna jipu la pafu au usaha kwenye utando wa pafu. Kuna kazi ya hospitali 18 za Ontario, Kanada, iliyotoka 2024, waliopewa dawa za kufunika anaerobu hawakuishi zaidi ya wengine ila waliharisha zaidi kwa difisile, yule bakteria wa utumbo anayejitokeza baada ya antibayotiki. Tunaongeza kwa mazoea ya miaka ya sabini.

---

benchi_la_maabara alijibu:

Mkuu zamu_ya_usiku, mimi ni mtu wa maabara na nimesoma swali lako nikasikia uchungu kidogo, maana umeandika "hatuna mashine" wakati kipimo cha haraka unacho na kimekuwepo tangu 1884. Gram stain. Rangi ya zambarau, iodini, alkoholi, safranini, suuza, kausha, darubini. Kutoka chombo kufika mezani kwangu mpaka nakupigia simu ni chini ya saa moja, na gharama yake ukilinganisha na hizo katriji za nje haifanani hata kidogo.

Nieleze ninachokiona pale ili muelewe kwa nini tunarudisha sampuli zenu. Naanza na lensi ndogo. Nikikuta seli bapa za mdomoni zaidi ya 10 kwenye uwanja mmoja, hayo ni mate, siyo makohozi, na chochote nitakachokuambia baada ya hapo nitakuwa nakuelezea mdomo wa mgonjwa. Nikikuta seli za usaha zaidi ya 25 na zile bapa chache, sasa tunaongea, hii imetoka chini. Naenda lensi ya mafuta. Nikiona bakteria wa zambarau wawili wawili wenye umbo la mkuki nitakuambia nadhani nyumokoka. Nikiona vishada vya zambarau, stafilokoka. Vijiti vinene vya pinki, fikiria klebsiela na ndugu zake. Nikiona mchanganyiko wa kila kitu, zambarau na pinki, vidogo na vikubwa, pamoja na usaha mwingi, hiyo ndiyo sura ya kupaliwa. Na nikikuta usaha haupo kabisa, sampuli ni nzuri, mgonjwa hajaanza dawa, hilo nalo ni jibu na ni jibu zito kwa huyo mzee wako wa kwanza.

Wajapani walilifanyia utafiti hili, lilitoka 2022, wagonjwa 206 wa ventileta (mashine ya kupumulia) wenye nimonia. Kundi moja daktari anachagua dawa kwa kuangalia Gram stain tu, kundi lingine anafuata mwongozo wa kufunika kila kitu. Kupona hakukuwa na tofauti ya kuogopesha, ila dawa za pseudomonasi (bakteria msumbufu wa hospitalini) zilipungua kwa karibu asilimia 30 na za MRSA (stafilokoka sugu) karibu 39. Kwa slaidi na chupa nne tu!

Kinachotuua ni sampuli. Chombo kinakuja na povu la mate, kimekaa dirishani kwenye jua tangu alfajiri, fomu imeandikwa "makohozi C/S" (oteshwa na pima dawa) basi, na mgonjwa yuko kwenye seftriaksoni siku ya tatu. Hapo hata ungeniletea mashine ya milioni mia sitakusaidia.

---

mwanakwetu_ICU alijibu:

Salamu kutoka Uingereza. Mimi ni nesi wa ICU (wodi ya mahututi) huku, nimezaliwa Tanga, na hizo panel za PCR, yaani kipimo kimoja kinachotafuta vijidudu vingi kwa pamoja, naziona zikitumika kwahiyo ngoja niwape picha halisi maana mtandaoni zinasifiwa sana.

Inavyofanya kazi: unafyonza makohozi kwenye mrija wa ventileta, unachovya kijiti, unaingiza kwenye kifuko kilichokauka dawa ndani, mashine inafanya yenyewe kila kitu, saa moja na kidogo umepata karatasi. Ile ya BioFire inatafuta bakteria 15 wa kawaida na inakupa makadirio ya wingi wao, kuanzia elfu kumi mpaka milioni kumi na zaidi kwa mililita, halafu wale watatu wasio wa kawaida kama lejionela na maikoplazma, virusi vinane, na vinasaba saba vya usugu, kikiwemo CTX-M ambacho kinakuambia seftriaksoni haitafanya kazi. Ni kitu kikubwa, sikatai. Ukiona virusi vya influenza peke yake na hakuna bakteria hata mmoja, mazungumzo yako na daktari siku hiyo yanakuwa tofauti kabisa.

Lakini mambo mawili. La kwanza, hiyo panel HAIPIMI anaerobu. Kwahiyo kwa nimonia ya kupaliwa karatasi ikija imeandikwa hakuna kilichoonekana, daktari mwenye wasiwasi anasema labda ni anaerobu, anaongeza metronidazo, na tumerudi tulikotoka.

La pili, huku ulifanyika utafiti mkubwa unaitwa INHALE, ICU 14 za Uingereza, wagonjwa zaidi ya 500 wa nimonia waliyoipatia hospitalini, wakiwemo walio kwenye ventileta. Nusu walipimwa panel kitandani, nusu kawaida. Matokeo yalitoka 2025. Matumizi ya dawa yalikuwa sahihi zaidi kwa waliopimwa, tofauti ya asilimia 20 hivi. Ila kwenye kupona hawakuweza kuthibitisha kwamba waliopimwa hawakuwa nyuma ya wenzao. Sisemi panel inaua mtu, hapana, ila watu waliokuwa wanasema "nunua mashine matatizo yote yameisha" ilibidi watulie. Dawa ikibanwa mapema kwa mgonjwa mahututi kwa kuamini karatasi, kuna uwezekano wa kukosa kitu ambacho mashine haikutafuta.

Na kitu kingine nakiona kila zamu, mgonjwa aliyekaa na mrija wiki mbili lazima ana bakteria wamejijengea makazi pale kooni. PCR inawaona wote, walio hai na waliokufa, wanaoumiza na wanaokaa tu. Ukimtibu kila aliyeonekana kwenye karatasi utamaliza famasi.

---

mfamasia_wa_ziwa alijibu:

Niko Mwanza upande wa dawa. Nimefuatilia vizuri, naongeza kutoka upande wa kabati.

Seftriaksoni kwenye AWaRe, mpangilio wa WHO wa makundi ya antibayotiki, iko kundi la kuangaliwa, siyo kundi la kutumia kwa uhuru, lakini kwetu imekuwa kama maji. Vijiti vya pinki vyenye CTX-M vimeenea Afrika Mashariki nzima, na mgonjwa aliyekaa wodini wiki mbili akipaliwa, huyo hatibiwi kama aliyetoka nyumbani jana. Ndiyo maana naunga mkono kipimo chochote kitakachotuambia nani ana usugu na nani hana, kwa sababu vinginevyo tunaruka moja kwa moja kwenye meropenem kama jirani wa yule mzee, na meropenem ikichoka hatuna cha kushika.

Sasa msidharau mashine mliyonayo. GeneXpert, ambayo nayo ni mashine ya PCR, tumeizoea kwa TB tu, jibu kama masaa mawili, na kwanza kabisa kwa mgonjwa wetu wa nimonia isiyoisha hicho ndicho kipimo cha haraka cha kwanza, maana TB inajificha nyuma ya jina la kupaliwa, mtu anakohoa mwezi mzima halafu anapata kiharusi, kila mtu anaangalia kiharusi. Mashine hiyo hiyo inasoma katriji za MRSA pia kama hospitali ikiamua kuzinunua. Swabu ya pua ikisoma hakuna MRSA, uwezekano wa nimonia kuwa ya MRSA unakuwa mdogo sana, uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja uliweka uhakika wa jibu hasi juu ya asilimia 95, kwahiyo unaiacha vankomaisini, dawa ya MRSA, kwa amani. Ila jibu chanya la pua halimaanishi ndiyo iliyoko mapafuni, hapo msikosee.

Na kwa wanaosema vipimo vya haraka ni vya wazungu, mfano mzuri kabisa uko nyumbani. Dar es Salaam, watoto chini ya miaka mitano wenye homa, zaidi ya 3,000, utafiti wa ePOCT uliotoka 2017. Waliweka mwongozo kwenye tableti pamoja na vipimo vya kidole kama CRP na prokalsitonini. Antibayotiki zilitolewa kwa asilimia 11 hivi ya watoto, wakati kwenye huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 95, na watoto walioshindwa kupona hawakuongezeka. Wakaja tena na toleo jipya Mbeya na Morogoro, matokeo yalitoka 2024, kutoka kama asilimia 70 kushuka 23. Hao ni watoto wasiolazwa, siyo wazee wa kiharusi, sichanganyi. Ninachotaka mwone ni kwamba pale kipimo hakikuachwa peke yake. Kilikuwa ndani ya mwongozo unaosema ukipata hivi fanya hivi. Kipimo bila makubaliano ya nini kitafanyika jibu likija ni hela imemwagika.

---

zamu_ya_usiku aliuliza tena:

Shukrani sana wakuu, nimepata kuliko nilivyotegemea. Niwaulize tena mawili. Moja, kwa mgonjwa ambaye hayuko ICU, yuko wodi ya kawaida tu anapumua mwenyewe, hizo PCR zimewahi kuonyesha faida? Maana ICU yetu ina vitanda vichache, shida iko wodini. Pili, mgonjwa wa kiharusi hatoi makohozi, hawezi kukohoa kwa nguvu, nitampatia wapi benchi_la_maabara hiyo sampuli nzuri anayoitaka?

---

daktari_wa_ndani alijibu:

La kwanza, ndiyo ipo. Bergen, Norway, walipima wagonjwa wa nimonia pale pale mapokezi ya dharura, 374, ikatoka 2024. Waliopimwa kwa panel, 35 kati ya 100 walipata dawa iliyolengwa bakteria wao, wasiopimwa ni 13 tu, na walibadilishiwa mapema zaidi kwa masaa tisa hivi. Na Uswisi walifanya kwa waliokuwa kwenye hatari ya vijiti vya pinki na wakapimwa maji ya ndani ya pafu kwa kamera, muda wa kukaa kwenye dawa isiyofaa ulishuka kutoka masaa 86 kwenda 47. Ila angalia hao walikuwa na kamera ya kuingia mapafuni na mtu wa kusoma jibu muda wote. Ndiyo maana narudi pale pale kwa mfamasia, jibu linafanya kazi kama kuna mtu wa kulipokea saa nane usiku.

Kuna na kile kipimo cha mkojo cha nyumokoka, kipande kama cha mimba, dakika 15. Kikiwa chanya kwa aliyetoka nyumbani na hali yake ikaendana, una ujasiri wa kukaa kwenye penisilini au amoksilini badala ya kupanda. Kikiwa hasi hakikuambii kitu kikubwa, usikitumie kufuta nimonia. Na ukipata damu ya kuotesha kabla ya dawa ya kwanza kwa yule anayeonekana mbaya, chukua, haitakusaidia leo lakini siku ya tatu ndiyo itakayokuambia kama ushuke au upande.

Na tafadhali mgonjwa mwenye presha inayoshuka, anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika, au amechanganyikiwa ghafla, huyo asisubiri kipimo chochote. Dawa ndani ya saa moja, vipimo vinafuata. Haya yote tunayoongea ni ya yule ambaye una nafasi ya kufikiri.

---

nesi_wa_pwani alijibu:

Jamani niruhusuni na mimi, niko Mombasa, wodi ya kiharusi. Madaktari mmeongea mazuri sana lakini mgonjwa amepaliwa mara ya kwanza mkampima, mkamtibu, kisha jioni amelishwa tena akiwa amelala chali. Mtapima mara ngapi?

Kipimo cha haraka cha kwanza ni cha kumeza, na kinafanywa na nesi kabla mgonjwa hajapewa hata panadoli ya mdomo. Mwinue akae wima, hakikisha yuko macho na anakufuata, mpe kijiko kimoja cha maji, weka vidole kooni usikie koo likipanda, subiri, mwambie aseme "aaa". Akikohoa, au sauti ikawa ya maji maji kama mlivyoeleza ya yule mzee, acha hapo hapo, asile kwa mdomo, arudiwe kesho. Akipita, endelea na vijiko vingine taratibu. Dakika tano. Huyo mzee angesimamishwa pale, uji usingemfikia. Na hao kina dada wanaowauguza baba zao msiwakaripie, hakuna aliyewafundisha, mkalishe naye umwonyeshe namna ya kumlisha, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, ameze ndipo kingine kiingie, na akae wima nusu saa baada ya kula.

La pili mdomo. Mgonjwa asiyekula kwa mdomo mdomo wake unachafuka kupita kiasi, na uchafu ule ndio unashuka. Japani walifanya kwenye nyumba za wazee, kusugua meno baada ya kila mlo kwa miaka miwili, nimonia ikapungua ikilinganishwa na wasiosuguliwa. Mswaki na maji na saksheni karibu, hauhitaji bajeti ya serikali.

La tatu ni kwa wale wanaotaka kumpa kila mgonjwa wa kiharusi antibayotiki kabla hajapata nimonia. Uingereza walijaribu kwenye vitengo 48 vya kiharusi, wagonjwa 1,200 na zaidi ambao hawawezi kumeza vizuri, matokeo ya 2015, nimonia haikupungua. Kwahiyo hata huo mlango umefungwa. Na mrija wa puani haumlindi mtu na mate yake mwenyewe, watu wanausahau huo, wakishauweka wanalaza kitanda.

Kuhusu makohozi dokta, usimngoje akohoe. Physio au nesi ampige mgongo taratibu akiwa amelala ubavu, mvukize maji ya chumvi kama mnayo, safisha mdomo kwanza, kisha fyonza na katheta kupitia puani mpaka akohoe, kile cha kwanza cha mdomoni tupa, cha baada yake ndicho kiende chomboni. Na fyonza tu kama oksijeni yake inaruhusu, usimkabe mtu kwa kutafuta sampuli.

---

benchi_la_maabara alijibu:

Asante sana dada wa pwani, hivyo hivyo. Naongeza ya kwangu ya benchi halafu naacha. Chukua kabla ya dozi ya kwanza kama hali inaruhusu, ila kama hairuhusu choma dawa na chukua ndani ya masaa machache, bado Gram stain itaniambia kitu hata kama kuotesha kutashindwa. Chombo kifike kwangu ndani ya masaa mawili, kikichelewa kiwe kwenye friji siyo dirishani. Kwenye fomu niandikie "kapaliwa jana, kiharusi, hajaanza dawa" au "siku ya pili ya seftriaksoni", maana slaidi ile ile naisoma tofauti nikijua. Na niachie namba ya simu ya wodi, siyo ya ofisi ya katibu, kwa sababu nikikuta usaha umejaa vijiti vya pinki saa tano usiku nataka nimpate mtu aliyeshika faili la mgonjwa sasa hivi.

---

zamu_ya_usiku aliandika:

Nimeprinti hii yote. Kesho kwenye raundi naomba mambo matatu tu kwa mkuu wa wodi: kijiko cha maji kabla ya kula, makohozi ya Gram stain kabla ya dozi ya kwanza kwa anayeweza kusubiri, na mstari mwekundu kwenye chati masaa 48 baada ya dawa kuanza, pameandikwa nani anaamua kuendelea au kuacha. Metronidazo nitaiulizia kwa kila anayeandikiwa, kama hakuna jipu wala usaha. Yule jirani wa mzee bado yuko kwenye meropenem, makohozi yake hayajawahi kuchukuliwa na hakuna aliyempima TB. Sampuli ya GeneXpert naichukua mwenyewe asubuhi, ya Gram nakuletea mkononi mkuu wa benchi wa hapa kwetu.